Dola 80,600: bei ya fundi elektroniki kuvua gwanda

Mwaka 2024, fundi wa rada aliyetumikia Jeshi la Majini la Marekani kwa miaka 6 na kufika ngazi ya E-5 alikuwa na mshahara wa msingi wa takriban dola 3,440 kwa mwezi, yaani dola 41,280 kwa mwaka. Uraiani, fundi wa elektroniki za ndege alikuwa akipata takriban dola 81,000 kwa takwimu za Idara ya Kazi ya nchi hiyo za Mei 2024. Ukiziweka nambari hizo bega kwa bega, zinamwambia avue gwanda leo, maana ongezeko ni asilimia 96. Kwa Sh129 za Kenya kwa dola, kiwango ambacho hakijasogea sana tangu katikati ya 2024, ni kutoka Sh milioni 5.3 hadi Sh milioni 10.4 kwa mwaka.

Nambari zote mbili ni sahihi. Tatizo ni kuzilinganisha. Ya kwanza ni sehemu tu ya malipo ya askari. Ya pili ni malipo yote ya raia kabla ya makato, tena raia aliye katikati ya safu. Idara ya Kazi hutoa kile nitakachokiita mshahara wa katikati: ukiwapanga mafundi wote wa fani kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, ni mshahara wa yule anayesimama katikati kabisa. Nusu yao wanapata chini ya hapo, na mgeni wa fani kwa kawaida huanzia upande huo.

Hesabu hii inawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wameingia Marekani kwa bahati nasibu ya green card, na jeshi ni mojawapo ya milango ya kwanza wanayoonyeshwa. Mpango wa MAVNI, ulioanza kuandikisha askari wasio raia wa Marekani mwaka 2009 na kusimamishwa 2016, uliorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha zilizohitajika. Nitarudi kwenye suala la uraia mwishoni, kwa kuwa linabadilisha hesabu.

Tumchukue fundi mmoja wa mfano. Hajaoa, ana miaka 26, yuko E-5. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 6 badala ya 4 kwa sababu mafunzo ni marefu: misingi ya umeme na elektroniki huko Great Lakes, Illinois, kisha chuo cha mtambo wenyewe aliopangiwa. Jeshi halimfundishi mtu muda wote huo kisha limwachie aondoke baada ya miaka miwili ya kazi.

Juu ya mshahara wa msingi analipwa posho ya chakula, ambayo mwaka 2024 ilikuwa dola 460.25 kwa mwezi, sawa na dola 5,523 kwa mwaka. Analipwa pia posho ya nyumba. Hii hutegemea mji, ngazi na kama ana wategemezi. Nimeweka dola 1,900 kwa mwezi kama makadirio ya mji usio ghali sana wala rahisi sana, yaani dola 22,800 kwa mwaka. Jumla ya malipo inakuwa dola 69,603. Pengo la asilimia 96 limeshuka hadi asilimia 16 na bado hatujagusa kodi.

Kodi ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa. Posho zote mbili, jumla yake dola 28,323, hazitozwi kodi ya mapato wala makato ya hifadhi ya jamii. Kinachotozwa ni ule mshahara wa msingi peke yake. Mwaka 2024 mtu asiye na ndoa aliondolewa dola 14,600 za kwanza, akatozwa asilimia 10 kwa dola 11,600 zilizofuata, kisha asilimia 12 hadi dola 47,150 za kipato kinachotozwa. Kwa fundi wetu kodi ya shirikisho inafika dola 2,970 na makato ya asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, Medicare, ni dola 3,158. Mkononi anabaki na dola 63,475.

Fundi wa ndege wa uraiani anatozwa kwa dola zote 81,000. Baada ya punguzo lile lile la dola 14,600, sehemu ya juu ya mshahara wake inaingia kwenye ngazi ya asilimia 22. Kodi ya shirikisho ni dola 9,661, hifadhi ya jamii na Medicare dola 6,197. Kisha kuna bima ya afya, ambayo askari aliye kazini haichangii hata senti. Kwa utafiti wa shirika la KFF wa mwaka 2024, mfanyakazi asiye na familia alichangia wastani wa dola 1,368 kwa mwaka katika bima ya mwajiri wake. Mkononi anabaki na takriban dola 63,775.

Tofauti kati ya wawili hao ni dola 300 kwa mwaka, sawa na Sh38,700. Asilimia 96 imegeuka kuwa nusu ya asilimia moja.

Ukiipiga hesabu hiyo kinyumenyume unapata kiwango cha usawa, yaani mshahara ambao fundi akilipwa uraiani, kilicho mfukoni hakiongezeki wala kupungua. Kwa mfano wetu ni takriban dola 80,600 kwa mwaka, au Sh milioni 10.4. Nambari hiyo inafaa zaidi kwenye meza ya usaili kuliko mshahara wa msingi, maana mwajiri akimwuliza askari “sasa unalipwa ngapi?” naye akajibu 41,280, ofa ya dola 60,000 itasikika kama zawadi.

Fani nyingine zinazowapokea mafundi hawa ziko chini ya mstari huo. Fundi sanifu wa uhandisi wa umeme na elektroniki alikuwa na mshahara wa katikati wa takriban dola 77,000 Mei 2024. Mkononi inakuwa dola 60,961, pungufu ya jeshini kwa asilimia 4. Anayefunga na kutengeneza mitambo ya umeme na elektroniki viwandani na kwenye mitandao ya umeme alipata kama dola 71,000, na mkononi anapungukiwa na dola 6,735 kwa mwaka. Fundi wa vifaa vya hospitali, kazi ambayo wengi husema inawafaa sana askari kwa sababu mashine ya moyo haina tofauti kubwa na mtambo wa majeshi inapofunguliwa, alipata takriban dola 62,600. Mkononi ni dola 50,830. Anayehama kutoka rada kwenda hospitali anapoteza dola 12,645 kwa mwaka, karibu asilimia 20, au Sh milioni 1.6.

Nimeifanya hesabu hii katika jimbo lisilotoza kodi ya mapato, kama Texas, Florida au Washington. Dhana hiyo inampendelea raia. Askari anaweza kuendelea kuhesabiwa mkazi wa Texas huku akiishi kambini Virginia. Raia hana nafasi hiyo. Jimbo linalotoza asilimia 5 lingemkata fundi wa dola 81,000 kama dola 3,300 zaidi, na zile dola 300 za faida zingeyeyuka mara kumi na moja.

Dhana nzito zaidi ni ile ya nyumba, na hapa anayetaka kuipinga hesabu yangu ana hoja. Si kila askari hupokea posho ya nyumba. Wa ngazi za chini wasio na familia hulala kwenye mabweni ya kambi au ndani ya meli, na fedha hiyo hawaioni. Ukiiondoa, mkononi zinabaki dola 40,675 na kiwango cha usawa kinaporomoka hadi dola 49,900. Mshahara wa katikati wa kazi zote za Marekani, kuanzia mpishi hadi daktari, ulikuwa dola 49,500 Mei 2024. Kwa hiyo mstari mmoja wa hesabu umesogeza jibu kwa dola 30,700. Lakini chumba cha kambi nacho kina thamani, kwa kuwa siku anayotoka getini fundi huyo ataanza kulipa pango. Akipanga kwa dola 1,900 tuko pale pale pa 80,600. Akigawana nyumba na wenzake wawili na kulipa dola 900, kiwango chake kinashuka karibu na dola 64,000. Kati ya dola 49,900 na 80,600, mahali fundi anaposimama panaamuliwa zaidi na pango atakalolipa kuliko ujuzi wake wa rada.

Saa za kazi zinaelekea upande wa pili, na ni haki kuziweka. Tuseme kazi ya melini na kambini ni saa 55 kwa wiki kwa wiki 48, baada ya kutoa siku 30 za likizo ya mwaka. Ni saa 2,640. Raia wa saa 40 kwa wiki, mwenye wiki 2 za likizo, anafanya saa 2,000. Askari wetu anapata dola 24.0 mkononi kwa kila saa na fundi wa ndege dola 31.9. Hiyo ni tofauti ya asilimia 33. Raia pia hulipwa saa za ziada kwa kiwango cha moja na nusu. Anayeuliza “nitalipwa zaidi?” na anayeuliza “nitalipwa zaidi kwa kila saa ya maisha yangu?” wanapata majibu tofauti kwa takwimu zile zile.

Mpaka hapa tumedhani mtu anatoka kazi moja Ijumaa na kuingia nyingine Jumatatu. Kiwango cha ukosefu wa ajira miongoni mwa waliowahi kuwa askari kilikuwa asilimia 3.0 mwaka 2024, dhidi ya asilimia 3.9 kwa wasiowahi kuvaa gwanda, na nambari hiyo hupenda kutajwa kwenye hafla. Inaeleza ni wangapi hawana kazi kwa siku fulani. Urefu wa kusubiri haumo, na wala haitenganishi fundi wa rada anayetengeneza rada na fundi wa rada anayeendesha gari la mizigo. Wote wawili wanahesabiwa wameajiriwa.

Kila mwezi wa kusubiri unamgharimu fundi wetu dola 5,290 za mkononi, miezi minne dola 21,160. Askari aliyemaliza mkataba kwa heshima ana haki ya fidia ya kukosa ajira, ila inalipwa kwa sheria za jimbo alilodai. Florida haizidishi dola 275 kwa wiki, na pale ajira inapokuwa nzuri hulipa wiki 12 tu, jumla dola 3,300. Massachusetts kiwango cha juu kinazidi dola 1,000 kwa wiki. Ni askari yule yule, cheo kile kile, na kinachotofautisha ni kaunta aliyojazia fomu. Aliyerudi kwao Florida na kukaa miezi minne bila kazi amepoteza takriban dola 17,860. Kwa ile nyongeza ya dola 300 kwa mwaka, itamchukua karibu miaka 60 kuzifidia.

Njia mbili za kuufupisha muda huo zina bei yake. Mpango wa SkillBridge unamruhusu askari kutumia hadi siku 180 za mwisho akijifunza kazi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa kila kitu. Mwajiri halipi chochote. Kwa fundi wetu, siku 180 zina thamani ya takriban dola 34,800 kabla ya makato, na mlipaji ni mlipakodi. Ila ruhusa hutoka kwa kamanda wake, na kikosi chenye upungufu wa mafundi hakina haraka ya kumwachia mmoja nusu mwaka kabla ya siku yake.

Njia ya pili ni likizo iliyolimbikizwa. Fundi mwenye siku 60 za akiba anaweza kuziuza kwa kiwango cha mshahara wa msingi tu, bila posho, akapata dola 6,880. Au anaweza kuzitumia kama likizo ya mwisho, ambapo mshahara na posho huendelea na sheria inamruhusu kuanza kazi nyingine. Akianza kazi ya dola 81,000 siku ya kwanza ya likizo, miezi hiyo miwili inamletea dola 13,500 zaidi. Mpaka wa uamuzi ni siku 31. Akiwa na uhakika wa kuanza kazi likizo ikiwa imebakiza zaidi ya siku hizo, aitumie. Chini ya hapo, kuuza kunalipa zaidi.

Kwa nini basi miezi ya kusubiri iwe mingi kwa mtu aliyefundishwa vizuri hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye karatasi, sehemu kwenye kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya. Matengenezo ya jeshi yamegawanywa kwa ngazi. Kwenye ngazi ya kikosi, rada ikigoma, fundi anaendesha jaribio lililomo ndani ya mtambo, anasoma namba ya kosa, anavuta kadi inayotajwa na kuchomeka nyingine. Kadi mbovu inasafiri kwenda karakana kubwa. Lengo ni meli isikae bila macho, na kwa lengo hilo utaratibu ni mzuri. Jeshi la Majini lina pia mafundi wa kile wanachokiita 2M, wanaokaa mbele ya hadubini wakilehemu vijipande vidogo kuliko punje ya mchele na kurudisha njia ya shaba iliyoungua ndani ya bodi yenye tabaka kadhaa. Ni tofauti ya fundi simu anayebadilisha kioo na yule anayefungua bodi yenyewe. Wote wawili wameandikiwa “miaka 6 ya matengenezo ya elektroniki”, na mwajiri makini atamwuliza mgombea alikuwa yupi.

Karatasi yenyewe si ghali. Leseni ya fundi wa mitambo ya redio inayotolewa na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, inayofahamika kwa kifupi GROL, ina mitihani miwili. Wa kwanza una maswali 24 na kufaulu ni 18. Wa pili una maswali 100 na kufaulu ni 75. Anayetaka kibali cha rada anaongeza maswali 50, apate 38. Ada ya FCC ni dola 35, watahini nao wana ada yao, na nikiweka dola 200 kwa yote, au Sh25,800, nadhani nimekuwa mkarimu. Leseni hiyo haina mwisho wa muda. Mwezi mmoja bila kazi unagharimu mara 26 ya hapo.

Kwenye ndege mambo ni magumu zaidi. Mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, humtambua fundi wa mwili wa ndege na fundi wa injini. Cheti cha namna hiyo kwa elektroniki peke yake hakipo. Kuna cheti cha fundi wa karakana, kinachohitaji miezi 18 ya uzoefu, lakini kimefungwa kwa karakana iliyomwombea, na akihama kazi cheti hakihami naye. Kwa hiyo mtu aliyetengeneza rada za ndege miaka 6 anaweza kukuta mwajiri anataka kile cheti cha mwili na injini pamoja. FAA inakubali uzoefu wa jeshini badala ya chuo, miezi 18 kwa kimoja au 30 kwa vyote viwili, ila uzoefu uwe wa kazi hizo hasa. Aliyeshika redio tu, na hakuwahi kugusa bawa wala injini, ataambiwa hivyo na mkaguzi mezani. Kwa anayekubaliwa, mitihani mitatu ya maandishi ni dola 175 kila mmoja, jumla 525. Nikikadiria dola 1,500 za mtahini wa mdomo na vitendo, inakuwa dola 2,025. Kinachouma ni ile miezi 30 kwa asiyekuwa nayo.

Vikosi vyote vina mfuko wa COOL unaolipia mitihani ya namna hii mtu akiwa bado kazini. Baada ya kutoka, mafao ya elimu ya baada ya Septemba 2001, maarufu kama GI Bill, hurejesha hadi dola 2,000 kwa kila mtihani, lakini hukatwa kutoka miezi 36 ya mafao yako. Mtihani ule ule unaweza kuwa bure Machi na kula akiba yako Aprili.

GI Bill yenyewe inastahili kupimwa polepole, kwa kuwa ndiyo nambari inayotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Kwa chuo cha binafsi, ukomo wa karo wa mwaka wa masomo 2024–25 ulikuwa dola 28,937. Kwa miaka minne ni dola 115,748. Ongeza dola 1,000 za vitabu kila mwaka, na posho ya makazi kwa miezi 36 ambayo nimeikadiria dola 2,100. Jumla inafika dola 195,348, au Sh milioni 25.2. Ila ukomo ni dari, na wanaosoma chuo cha umma cha jimbo lao hawaifikii. Wastani wa karo huko ulikuwa kama dola 11,610. Ukiiweka hiyo, mafao yanashuka hadi dola 126,040, pungufu kwa asilimia 35. Na aliyesomea mtandaoni peke yake mwaka huo alilipwa posho ya makazi ya takriban dola 1,055 badala ya ile 2,100.

Katika dola 126,040, zinazopita mkononi mwa mwanafunzi ni 79,600. Karo huenda chuoni moja kwa moja. Miaka hiyo minne angekuwa kazini kwa mshahara wa fundi wa ndege angepata dola 255,100. Gharama halisi ya kusoma “bure” ni dola 175,500. Anachokinunua ni mshahara wa mhandisi wa umeme, ambao wa katikati ulikuwa takriban dola 112,000 Mei 2024, na mkononi dola 85,583. Anaongeza dola 21,808 kwa mwaka juu ya fundi. Ukigawa, ni miaka 8. Aliyetoka jeshini na miaka 26 anahitimu na 30, na anakuwa amefidia alichoacha akiwa na 38, tukidhani analipwa kama mhandisi wa katikati tangu mwezi wa kwanza. Hakuna anayelipwa hivyo, kwa hiyo 40 ni karibu zaidi na ukweli. Bado si biashara mbaya kwa mtu mwenye miaka 25 ya kazi mbele yake. Ila aliyemaliza mkataba wa pili akiwa na 34 na watoto wawili ana hesabu nyingine kabisa.

Asilimia za ukuaji zinahitaji jicho lile lile. Fundi wa mitambo ya upepo hutangazwa kama kazi inayokua kuliko zote, asilimia 50 kati ya 2024 na 2034. Msingi wa asilimia hizo ni ajira 13,600, kwa hiyo ongezeko ni 6,800 kwa miaka kumi, nafasi mpya 680 kwa mwaka kwa nchi nzima. Wanaoacha jeshi la Marekani kila mwaka ni kama 200,000. Hata ukiongeza nafasi za kuziba wanaostaafu, hiyo si njia ya wengi. Na mshahara wa katikati, takriban dola 62,600, uko dola 18,000 chini ya kiwango cha usawa.

Kuna mstari mmoja ambao huachwa kabisa kwenye mazungumzo haya, labda kwa sababu hakuna mwajiri binafsi anayenufaika kuutaja. Fundi anayeajiriwa na serikali ya shirikisho, kwa mfano FAA kwenye rada na mitambo ya kuongoza ndege kutua, hupewa pointi 5 au 10 za upendeleo kwa utumishi wake. Zaidi ya hapo, anaweza kununua miaka yake ya jeshi iingie kwenye pensheni ya kiraia kwa kulipa asilimia 3 ya mishahara ya msingi aliyopokea jeshini. Tuseme kwa miaka 6 ilikuwa dola 175,000, akiwa amepanda kutoka E-1. Atalipa dola 5,250. Pensheni hiyo huhesabiwa kwa asilimia 1 kwa kila mwaka wa kazi mara wastani wa mishahara ya miaka mitatu ya juu. Kwa wastani wa dola 90,000, miaka 6 inaongeza dola 5,400 kila mwaka. Akianza kuipokea na miaka 62 akafika 80, ni dola 97,200, zaidi ya mara 18 ya alicholipa. Masharti ni kufanya angalau miaka 5 ya kiraia na kulipa mapema, kwa sababu baada ya miaka michache ya kwanza riba huanza kuhesabiwa.

Upande wa pili wa mizani ni kubaki. Kwa mfumo ulioanza 2018, miaka 20 jeshini inaleta asilimia 40 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miaka mitatu ya juu. Nikiweka wastani wa dola 5,000 kwa mwezi, ni dola 2,000 kila mwezi tangu akiwa na miaka 40. Kwa miaka 40 mingine ni dola 960,000, kabla ya nyongeza za kupanda kwa bei. Anayetoka na miaka 6 haipati hata senti ya hiyo, anabaki na akiba yake ya kustaafu, TSP, tu. Miaka 14 ya kuhamishwa na kwenda baharini sijaiwekea bei.

Kwa aliyeingia na green card, nambari hizi zinatanguliwa na sharti. Kazi nyingi za elektroniki jeshini zinadai kibali cha usiri, na kibali hicho hutolewa kwa raia wa Marekani tu. Asiye raia hupangiwa kazi zisizodai kibali hicho, kama za jikoni, ghalani au kwenye magari. Akiwa jeshini anaweza kuomba uraia mapema bila ada ya dola 760 anayolipa raia mtarajiwa anayewasilisha fomu za karatasi, kisha aombe kubadilishiwa kazi mkataba unapofika mwisho. Aliyeingia na miaka 25 kwa mkataba wa miaka 4 anaanza mafunzo ya elektroniki na 29. Aliyesubiri miaka 5 ya kawaida apate uraia kwanza anaanza na 30. Wametofautiana mwaka mmoja kwenye rada, lakini wa kwanza ameshatimiza miezi 36 inayompa GI Bill kamili kabla ya kushika multimita ya jeshi.